Vipimo vya Bibi Harusi

"Mama amelala," dada mkubwa alimwambia mteja mlangoni. "Kichwa kinamuuma. Nipe kazi, nitampelekea ndani."

Ndani hapakuwa na mtu ila wadogo zake: wa pili akipiga pasi, kitindamimba akichambua vifungo. Mama yao, fundi cherehani, alitoka asubuhi moja kununua uzi, hakurudi. Walimtafuta hospitali zote, patupu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini watoto hawa walikuwa wameitembea miezi minne, maana shangazi alishaapa: siku cherehani itakaponyamaza, atawagawa kwa jamaa, kila mmoja nyumba yake.

Mteja wa leo alikuwa mgeni, bwana mnene mcheshi, kashika kitambaa cheupe na karatasi ya vipimo.

"Gauni la harusi," alisema. "Mchumba wangu kaona haya kuja. Lakini kanielekeza mwenyewe, kasema nguo zake zote zimeshonwa nyumba hii. Maskini, hana ndugu wala mtoto. Mimi ndiye kila kitu chake."

Dada aliisoma karatasi. Akaisoma tena.

"Vipi, kazi kubwa?"

"Tutaweza."

Siku sita alikata na kushona. Wa pili alimtania kwamba anashona utadhani anaolewa yeye, hakucheka. Kitindamimba naye akamvuta sketi, kama ilivyo ada yake.

"Dada, mama anarudi kesho?"

Siku zote jibu lilikuwa ndiyo. Safari hii dada aliinamia kitambaa.

"Harudi. Usiniulize tena."

Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua. Miguu ya dada haikuacha kukanyaga cherehani.

Bwana alikuja akachukua gauni. Kesho yake alirudi, meno yote thelathini na mawili nje.

"Limemkaa utadhani kazaliwa nalo! Hata mkono wa kushoto, ule aliovunjika zamani, umeufupisha inchi nzima, na mimi nilisahau kukuambia. Kalivaa, machozi yakamtoka. Anamshukuru sana fundi."

"Shukrani zimefika," dada alisema. "Nawe mwambie mama yetu, kitindamimba ameacha kumuulizia."