Aliyelala Chini ya Minyaa

Masanja alipotoa leso kwa mara ya tatu, Naomi alijua shamba la mama yake limekwenda.

"Marehemu mama yangu alikufa ndoo kichwani," dalali huyo kutoka Bunda aliwaambia wanakijiji wa Mugeta. "Mpeni mwekezaji ardhi hii awachimbie kisima, akina mama wengine wasife!" Akajifuta macho makavu kama kokoto. Mkutano mzima ukavuta kamasi.

Naomi aliwatazama kwa dharau. Muda mfupi kabla, alikuwa amewasomea mkataba kifungu kwa kifungu: ekari mia mbili, miaka thelathini na tatu, kisima hakikutajwa popote. Walipiga miayo. Mzee Makongoro alisinzia kabisa, mate yakamtiririka ndevuni.

Hawa hawataki kuelezwa, aliwaza. Wanataka kulizwa. Basi nitawaliza, na sitasema uongo hata neno moja.

Alisimama tena, safari hii bila karatasi.

"Wazee wangu, mama zangu," alianza, akiitetemesha sauti makusudi. "Kwenye shamba letu, chini ya minyaa, kuna aliyelala."

Mzee Makongoro akafumbua jicho moja.

"Alikuwaga ananisindikiza shule kila asubuhi. Maishani mwake hakumsema mtu vibaya. Alikufa kwa kuonewa, bado mdogo." Hapo alimkazia macho Makongoro. "Mama alimviringisha kwa kanga yake mwenyewe, tukamfukia huku tunalia. Leo katapila lipite mgongoni mwake?"

Wanawake wakaangua kilio. Watu walitazamana, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza ni nani. Pale kijijini, asiyefika kwenye maziko ya jirani hutozwa faini, na siku yake ikifika, wanawe humchimbia kaburi peke yao.

"Namkumbuka!" alipiga ukelele Matrida, muuza vitumbua. "Matanga yale nilipika siku tatu, moshi ukanitoa macho!"

"Jeneza nilibeba mimi," Makongoro alidakia, usingizi umemtoka. "Bega lenyewe hili hapa!"

Masanja alitoa leso kwa mara ya nne. Hakuna aliyemtazama. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mwekezaji hakupata hata robo.

Asubuhi iliyofuata Marieta, mama yake Naomi, ambaye hakwenda mkutanoni, aliamshwa na nyimbo za mazishi. Alichungulia dirishani. Katekista alikuwa ananyunyiza maji ya baraka chini ya minyaa, na nusu ya kijiji imepiga magoti. Mbele kabisa Makongoro aligaagaa mavumbini, amekumbatia msalaba mpya.

"Naomi!" Marieta aliita. "Mbona huyu mzee anamlilia mbwa wetu? Si ndiye aliyempiga jiwe akamuua?"