Boksi Lisilo na Jina

Mimi kompyuta naijua kuliko mzee yeyote hapa kijijini Shuiwei. Najua pa kuiwashia. Kuizima, huwa nachomoa waya. Lakini habari ya boksi lisilo na jina niliiona kwa macho yangu mawili, na moja kati ya hayo bado ni zima.

Kila saa sita mchana mpishi Siok alileta ukumbini maboksi ya chakula cha wazee. Kila boksi lilibandikwa karatasi yenye jina la mlaji, iliyochapwa na mashine kutoka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kijiji. Orodha yenyewe ilianza kwa ugomvi: Mwenyekiti Qiu alikataa kuandikwa chini ya mtu, na Jin-fa, aliyechelewa hata arusi yake mwenyewe, akaandikwa wa mwisho.

Sasa Jin-fa alikuwa amekufa. Walaji walibaki wanane. Maboksi yalikuja tisa. Karatasi ya lile la tisa ilikuwa nyeupe, haina hata nukta.

Lilianza kuja siku ya kumi na mbili baada ya mazishi.

Siku zote kumi na moja za kabla yake, mjane wake, Jin-fa, Bibi A-Tao, hakutia kitu mdomoni ila chai. "Miaka hamsini na moja nimekula na mtu," alisema. "Peke yangu hakishuki." Akabaki mifupa na koti. Tulishaanza kunong'onezana nani na nani watabeba jeneza lake.

Boksi jeupe lilipokuja, alilichukua pamoja na lake bila kumuuliza mtu. Nyumbani kwake akaliweka mbele ya picha ya Jin-fa, akachoma udi, akashusha pazia, akatoka kukaa kizingitini, mgongo kaupa mlango. Marehemu haangaliwi akila.

Nyuma ya pazia vijiti vikaanza kugonga boksi. Ko, ko, ko. Bibi A-Tao akafungua lake, naye akala. Udi ulipoisha akaingia ndani. Boksi la marehemu lilikuwa tupu, halina hata punje ya wali.

Ikawa hivyo kila mchana. Mbwa wa jirani alihama upande wa barabara. Watu wakaanza kuzunguka kwenye mashamba ya mpunga ili wasipite pale saa ya chakula. Siku moja marehemu alipaliwa na pilipili, akakohoa, na Siok aliyekuwa akipita akaacha sufuria njiani, hajaifuata mpaka leo. Lakini Bibi A-Tao mashavu yalirudi.

"Mwacheni marehemu ale," alisema Mwenyekiti Qiu, mtu ambaye kwa kawaida haamini hata utabiri wa mvua. Yeye alikuwa amejitoa kwenye chakula cha ukumbini wiki ileile. Alisema mchana anakula kwa binti yake.

"Leo anakula wali, kesho atatula sisi," Siok akajibu. "Mimi simpikii maiti. Sikuajiriwa kwa hilo."

Ndipo akamwita Yun-ru, huyo huyo binti wa mwenyekiti, maana ndiye aliyeutengeneza ule ukurasa. Yun-ru akaja na laptopu yake, akaifungua juu ya meza ya ukumbini. Tukamzunguka kama kuku.

"Shangazi, hakuna mzimu hapa," alimwambia Siok. "Majina yamekaa kwenye safu, mfano wa droo za kabati la muuza dawa. Ukimtoa mtu, unaitoa droo yake, za nyuma zinasogea mbele. Hapa kuna mtu kamwaga kilichomo, droo kaiacha. Na kompyuta haihesabu watu, inahesabu droo. Droo tisa, maboksi tisa. Naiondoa sasa hivi."

Bibi A-Tao akamshika mkono.

"Usiiondoe, mwanangu. Nitakula na nani?"

Siok mwenyewe aliangalia sakafu. Sote tulimkumbuka bibi huyo alivyokuwa siku zile kumi na moja.

"Iache, Yun-ru," alisema mwenyekiti. "Nafasi ya marehemu inakudhuru nini?"

"Kwani ni ya marehemu, baba?" Yun-ru alisogeza uso kwenye kioo cha laptopu. "Mzee Jin-fa alikuwa wa mwisho, na droo yake niliitoa mimi mwenyewe siku ya mazishi. Hii iliyo tupu ni namba sifuri."

"Si ndiyo hayo!" Mwenyekiti akajipiga paja. "Sifuri maana yake hakuna. Nani amewahi kuona mtu wa namba sifuri?"

"Kwenye safu tunaanza kuhesabu na sifuri, baba. Sifuri ndiye wa kwanza."

Siok akaweka mwiko mezani taratibu. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, vyote upande mmoja.

"Mnanitazamia nini?" akafoka mwenyekiti. "Mimi mchana nakula kwa binti yangu. Muulizeni Siok!"

"Kwangu?" Yun-ru akainua uso. "Baba, mimi si unaniambia kila siku unakula hapa ukumbini?"

Mwenyekiti Qiu akajifuta mdomo kwa kiganja.

Bibi A-Tao alikuwa ameshabeba maboksi yake mawili, yuko mlangoni.

"Kesho pitia mlango wa mbele, Mwenyekiti," alisema bila kugeuka. "Ule wa nyuma bawaba zinalia, nami nimechoka kujifanya kiziwi."