Mkono wa Mwalimu Doroti

Mwalimu Doroti alinyoosha mkono wenye chaki, na bibi Kornelia akarudi nyuma.

Hakukasirika, hakucheka. Alirudi nyuma tu, akajifunika shuka lake vizuri, akabaki nje ya mlango pamoja na wenzake. Ndani ya darasa mabenchi mapya yalinukia mbao, hakuna aliyeyakalia.

"Anaogopa chaki?" Doroti akauliza.

"Anaogopa mkono," alisema Letisia. "Wazee wa huku ni wagumu, Mwalimu. Kwao mzungu ni mzungu tu. Vumilia, watazoea."

Letisia alikuwa mkalimani wake, binti wa palepale kijijini Mogitu aliyemaliza darasa la saba. Waliishi wote katika nyumba ya bati ambayo shamba la ngano la serikali lilimjengea mwalimu. Alimpikia, alimfulia, na kabla ya kula alimwombea kwa sauti, akimtaja kwa jina. Doroti alikuwa amejifunza Kiswahili kwao Kanada. Kiiraqw hakukijua hata neno, na akina mama wa Mogitu Kiswahili chao hakikuvuka salamu.

Alikuja kwa mwaka mmoja kuwafundisha akina mama hao kusoma, na alitaka kubaki. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Miaka yake yote alifundisha watoto wa watu, jioni akarudi kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Hapa Hanang akifungua dirisha aliona ngano mpaka macho yanachoka, na mlima juu yake. Siku ya kwanza tu alisema moyoni, ni hapa.

Lakini Bwana Hatibu, ofisa wa elimu wa shamba, hakumficha. "Mwalimu, mwaka ukiisha darasa likiwa tupu, mimi sitakuwa na la kukutetea. Utarudi kwenu, tutatafuta mtu wa hapa."

Basi akafanya kazi kama punda. Asubuhi aliwafundisha madereva kusoma maandishi ya kwenye mashine za kuvunia. Mchana alikuwa na watoto wa wafanyakazi waliotoka mikoani. Jumamosi alipanda lori mpaka mjini Katesh, kwa Mwantumu na wake wengine wa wafanyabiashara. Hao waliingia, wakaketi, wakala maandazi yake na kumcheka Kiswahili chake.

"Mwalimu, wewe unasema kama redio iliyoanguka!" Mwantumu alimtania, akimpokonya chaki.

Jioni alizunguka Mogitu kwa miguu. Kila nyumba ilikuwa vilevile. Mama mwenye nyumba alimwona kwa mbali, akatoka mbio kumlaki njiani kabla hajafika uani. "Shikamoo, mama," Doroti alisema kwa wakubwa, nao wakaitika kwa upole. Wakasimama naye hapohapo njiani, kisha wakamsindikiza arudi.

"Ni hayo madoadoa yako ya usoni," alisema Yahaya, dereva wa Land Rover. "Wanaona yatawahamia!"

Doroti alicheka naye. Alipofika chumbani kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Nyumbani, kila baada ya siku chache, palikuwa na mzigo wa kuni kwenye ua na kibuyu cha maziwa juu yake. "Nimenunua," alisema Letisia. Mara moja Doroti alimkuta Kornelia nje ya ua, anamtazama huku anajifuta macho kwa pembe ya shuka.

"Ana nini?"

"Macho mabovu. Na vumbi hili la ngano."

Mavuno yalipoanza, mwaka ukiwa ukingoni, Doroti alishindwa kuvumilia. Akina mama walikuwa wanapita kwenda kisimani. "Waulize nimewakosea nini," akamwambia Letisia. "Uliza sasa hivi, nikiwa hapa."

Letisia akauliza. Wote walijibu kwa pamoja, kwa sauti za chini, na mmoja akaziba mdomo kwa kiganja.

"Wanasema hujawakosea kitu," alisema Letisia, macho chini. "Wanasema hawakutaki tu. Nisamehe, Mwalimu, mimi natafsiri walivyosema."

Kesho yake Doroti alikwenda kwa Bwana Hatibu kuaga. "Kazi na nyumba mpeni Letisia," alisema. "Katika watu wote wa hapa, ndiye aliyenionea huruma."

Letisia aliposikia alipiga magoti akalia.

Asubuhi ya safari Yahaya alikuwa anafunga sanduku garini walipotokea akina mama wa Mogitu, wengi, wameoga na kujipaka siagi, wamebeba vibuyu vya maziwa. Hawakusimama njiani. Waliingia uani moja kwa moja, na Kornelia akamshika Doroti mikono yote miwili akaibana kifuani pake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alisema kwa Kiiraqw, polepole, kama anavyosema mama na binti yake:

"Mwanangu, mwaka wa kukutenga umekwisha. Ndiyo desturi yetu kwa mwanamke aliyezika mtoto anayenyonya, na siku ile ulipofika Letisia alitwambia ulimzika wako huko kwenu, akatukataza tusimtaje mbele yako. Tumesubiri, tumechoka kusubiri. Kawaone wazazi kama anavyosema Letisia, urudi upesi. Utatukuta ndani, kwenye mabenchi."

Doroti alikuwa analia bila kujua kwa nini. "Anasemaje?"

"Anasema wasalimie wa kwenu," alisema Letisia, akamfungulia mlango wa gari.