Picha Ukutani kwa Kobe

Zamani, wanyama walipokuwa bado na mpiga picha wao, kazi hiyo ilikuwa ya Kobe, katika bustani ya uani, chini ya mlimau. Ilimchosha. Ndege hawakutulia kwenye maua hata kidogo, kisha walilalamika kwamba picha zina ukungu. Mteja mtulivu alikuwa mmoja tu, Kiwavi, aliyeshinda akitafuna majani ya mlimau.

"Nipige na mimi, babu," alisema, "nibaki na kumbukumbu."

Kobe akampiga picha, akaitundika ukutani.

Wiki tatu baadaye, kutoka mlimau uleule, akashuka Kipepeo mwenye mbawa nyeusi za madoa ya njano. Alijipanga mbele ya kamera, macho yake yakaangukia ukutani.

"Babu, watu wa heshima tupigwe picha mbele ya dudu lile? Litoe."

"Humjui?"

"Nimjulie wapi?"

Kobe hakubishana, shingo ilikuwa inamuuma. Aliitungua picha, akaipeleka sandukuni. Kifuniko kiligoma kufunga, maana sanduku lilijaa picha za viwavi wa miaka yote, na kila mmoja alikuwa ameondoshwa ukutani kwa amri yake mwenyewe, alipokwisha kuota mbawa.

"Haya, mjukuu wangu," alisema akirudi kwenye kamera. "Tulia."