Hema la Fundi Shekuwe

Mji mzima uliwaomboleza wafu wake chini ya hema la Fundi Shekuwe. Alilibuni kwa fito zinazopindika na kitambaa alichokishona mkewe. Ukivuta kamba moja, linajikunja kabla kahawa haijapoa. Hilo ndilo alilojivunia.

Leo matanga yalikuwa ya mkewe, na dua ya kuyaanua ilikwisha kusomwa.

"Kunja, shemeji," alisema Mbwarali, kaka wa marehemu. "Kuna msiba mwingine unalingoja."

Shekuwe akaishika kamba. Laiti angelilibuni vibaya, lisikunjike upesi hivi. Alivuta kidogo; fito zikainama, kitambaa kikashuka hadi kikamgusa utosini, na hapo mkono ukasita.

Waliosimama nje waliona umbo la kichwa chake tu, limetulia ndani ya kitambaa.