Gauni la Mkono Mmoja

Bibi harusi alikuwa ameshakunja kitambaa chake, anaondoka. Kila mshono aliochorewa na shangazi yangu, fundi anayenifundisha kushona, ameukataa.

"Dada, subiri kidogo!"

Nikaupiga picha mchoro wa mwisho, nikaiandikia akili bandia ya kwenye simu: gauni liache lilivyo, badilisha mikono tu, lete mitindo mingi kwa mpigo.

Picha zikamwagika! Mikono ya puto, ya lesi, ya kengele. Bibi harusi akanibana bega, kucha zikanichoma.

"Hiyo hapo!"

Kumbe hapo simu ilikuwa imekosea: mkono mmoja mrefu, bega la pili wazi.

"Hayo makosa, mwanangu," shangazi akamwambia bibi harusi.

"Nayataka hivyo hivyo, mama!"

Shangazi akacheka mpaka akashika meza, kisha akanikabidhi mkasi ambao hajawahi kuniachia.

"Umeyataka mwenyewe na simu yako. Haya, kata."