Kitovu Chini ya Jiwe la Mpaka

Askari wa mpakani alimkuta Bi Sijali amepiga magoti kando ya jiwe la mpaka, anachimba kwa kijiko.

"Unafukia nini hapo, bibi?"

"Kitovu cha mjukuu wangu. Kilidondoka jana."

"Si kinazikwa nyumbani kwao?"

"Baba yake wa huku, mama yake wa kule. Tangu itoke sheria mpya ya uraia, zahanati ya huku imekataa kumchanja, eti si wa huku. Ya kule nayo inasema si wa kule. Haya, mwanangu, nionyeshe kwao, nikakizike."

Askari akatazama huku, akatazama kule. Kisha akalaza bunduki majanini, akalikumbatia lile jiwe, akaliinamisha kidogo, mkono wa bibi upate kupita chini yake.